Jina Lililotajwa Mlangoni

Mama yake Evanthia anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mpaka leo hajavua kitambaa cheusi kichwani. Mengi ya haya nimeyapata kwake. Mengine Evanthia mwenyewe alimwambia mdogo wake, Argiro, katika juma lile la mwisho, na Argiro akaniambia mimi.

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote ya Mei. Evanthia aliamka, akawapa kuku chakula, akachemsha kahawa, kisha akapiga pasi blauzi ya mdogo wake. Kola aliipiga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilibaki na mkunjo. Argiro alikuwa ameketi dirishani akichana nywele na kuimba. Zilibaki siku nane aolewe na Manousos.

Miaka mitatu Manousos alikuwa akija kwao kila Alhamisi na ndoo ya maziwa. Miaka mitatu Evanthia alivaa vizuri kila Alhamisi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na jino lake la mbele lilikuwa limevunjika nusu, kwa hiyo alizoea kucheka akiwa amefunika mdomo. Jino hilo lilivunjika akiwa na miaka tisa, alipojikwaa kisimani na kuangukia uso ili Argiro, aliyekuwa mgongoni mwake, asiumie. Manousos hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Tangu mwanzo alimwita shemeji, naye Evanthia akadhani ni utani. Halafu siku moja mzee wake akaja kuposa, na jina alilotaja lilikuwa la Argiro.

Kwetu, binti anayeolewa katika ukoo wa wachungaji huzunguka mlima kabla ya harusi. Njia inapanda upande wa mashariki, inapita kwenye vibanda vya mawe vya ukoo ule, kisha inashuka upande wa magharibi hadi kijijini. Hairuhusiwi kurudi nyuma. Vibanda vilihamwa zamani, tangu barabara ilipofika na jibini ikaanza kutengenezwa huku chini, lakini wahenga waliowahi kulala humo bado wanahesabiwa wazee wa nyumba. Bibi arusi huingia kila kibanda na kuacha mkate mkavu wa shayiri kwenye rafu ya jibini. Msindikizaji hubaki mlangoni, hupiga kengele ya kondoo, na humtaja bibi arusi kwa wenyeji.

Bibi Rodanthi, nyanya yake Manousos, ndiye aliyewapa Argiro na msindikizaji wake, Evanthia, kengele na mikate sita.

"Vibanda si saba, Bibi?" Argiro aliuliza.

"Cha saba hakihesabiwi," Bibi Rodanthi akasema. Alimtazama Evanthia badala ya Argiro. "Mkikikaribia, jazeni kengele nyasi kama tunavyofanya nyumba ikiwa na msiba. Mpite kimya."

"Na mtu akituita?"

"Hakuna mtu pale. Kwa hiyo hamna wa kumwitikia."

Habari za kibanda cha saba zilijulikana kijiji kizima, ila hazikusemwa mbele ya Bibi Rodanthi. Kilikuwa cha Stamatis, shemeji yake Bibi Rodanthi. Stamatis ndiye aliyemchumbia kwanza. Alipopanda mlimani na kondoo majira yale, mdogo wake akamwoa Rodanthi. Habari zilipomfikia, Stamatis hakushuka tena. Alipokufa waliziba mlango kwa mawe, wakaweka bapa la jiwe juu ya tundu la moshi.

Dada hao wawili walipanda polepole. Anga lilikuwa safi, na harufu ya mimea ya mlimani ilipanda kila walipoikanyaga. Katika kibanda cha kwanza Argiro aliinama akaingia. Evanthia akapiga kengele na kusema kama inavyotakiwa: "Huyu ni Argiro, bibi arusi wenu. Mjueni." Argiro alitoka akiwa na masizi puani, mzuri hata hivyo, na Evanthia akamsifu, kisha akatema mate pembeni mara tatu ili sifa isigeuke kijicho. Mara ya tatu hayakutoka mate. Kinywa kilikuwa kikavu.

Njiani kuelekea cha pili Argiro alimshika mkono.

"Dada, tumekuwa tukikuzungumzia. Manousos ana binamu kule ng'ambo, yule mjane. Anachechemea kidogo, lakini ana moyo. Manousos anasema shemeji yetu akicheka bila kufunika mdomo, mbona atampata."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lililomchoma Evanthia zaidi. Kumbe wawili hao hukaa jioni na kulijadili jino lake.

Kwenye kibanda cha pili Argiro aliingia na mkate. Evanthia alisimama mlangoni, akapiga kengele kwa nguvu ili mlio ufunike sauti yake, akasogeza mdomo karibu na jiwe.

"Huyu ni Evanthia," akanong'ona. "Bibi arusi wenu. Mjueni."

Hakuna kilichotokea. Mjusi alikimbia ukutani. Evanthia akasikia raha ndogo, ya siri, kama mtu aliyelamba asali ya wageni. Alisema vivyo hivyo kwenye cha tatu. Kwenye cha nne na cha tano alisema bila kunong'ona. Kwenye cha sita, Argiro akiwa ndani, kengele ilikuwa bado inalia alipohisi pumzi ya baridi ikitoka mlangoni na kumgusa shavu. Ilinuka moshi na maziwa.

Moto haujawashwa mle kwa miaka arobaini.

Ukungu uliwakuta kwenye mteremko wa magharibi. Ilikuwa saa sita mchana. Evanthia aling'oa nyasi, akaijaza kengele hadi ulimi wake haukuweza kusogea. Argiro alitangulia hatua ishirini hivi, ameinamisha kichwa. Kibanda cha saba kilikuwa kushoto, kizima kabisa, mlango umejaa mawe na ukoga.

Walikuwa wamekwisha kukipita.

"Evanthia."

Akasimama.

Ilikuwa sauti ya Manousos. Haikumwita shemeji. Ilimwita kwa jina, taratibu, kama mtu aliyelisubiri kwa muda mrefu.

Alijua Manousos yuko bondeni akikata kondoo manyoya. Alijua. Na alijua pia kwamba wanaume wote wa ukoo ule wana sauti moja.

"Evanthia. Njoo unionyeshe meno."

Alitazama mbele. Mgongo wa Argiro ulikuwa unapotelea ukunguni, na blauzi ile nyeupe, na kola aliyoipiga pasi mara mbili.

Akageuka.

"Niko hapa," akasema. Akacheka, na mkono wake haukuinuka kufunika mdomo.

Kengele ikalia mkononi mwake. Nyasi zilikuwa bado zimejaa ndani.

"Umesema nini, dada?" Argiro aliuliza kutoka ukunguni.

"Nimejikwaa tu."

Jioni Bibi Rodanthi aliipokea kengele, akaitazama, akaingiza kidole ndani. Nyasi zilikuwa zimekauka na kugeuka vumbi, kama zilizokaa humo miaka mingi. Alishika ukuta, akaketi.

Juma lile Evanthia alibadilika. Aliimba. Alimkumbatia mdogo wake bila sababu. Alhamisi Manousos alipoleta maziwa, hakutoka hata kumtazama. Mama yao alishukuru Mungu kwamba kijicho kimekwisha. Lakini kila asubuhi maji ya kunawia yalikuwa meusi. Masizi, chini ya kucha zote kumi. Na Argiro, aliyelala naye chumba kimoja, alianza kusikia harufu ya moshi na maziwa kwenye mto wa dada yake.

Ijumaa Evanthia alimwambia yote. Majina, vibanda, sauti. Alisema bila aibu, akipanga soksi kwenye droo.

Argiro alilia. Alisema watakwenda kwa padri, hata kesho, harusi isubiri.

"Kwa nini isubiri?" Evanthia akasema. "Wewe una wako. Mimi pia nimeitwa."

Hata hivyo walikwenda kwa padri Jumamosi. Padri aliwaombea wote wawili. Evanthia alisimama mpaka mwisho, mtulivu, akitabasamu kidogo.

Jumapili, kanisa lilipojaa, iligundulika kwamba mataji ya harusi yamesahaulika nyumbani. Evanthia alisema atayafuata. Ni mwendo wa dakika tatu. Walimwona akikata kona ya kisima, na hakuna aliyemwona tena. Mataji yalikutwa mezani, hayajaguswa.

Wanaume walipanda siku hiyohiyo, Manousos mbele. Walipita njia yote ya mduara, kama ipasavyo. Katika kibanda cha kwanza mkate wa Argiro ulikuwapo kwenye rafu, umeliwa na sisimizi kidogo ukingoni. Cha pili, rafu ilikuwa tupu. Cha tatu, tupu. Cha nne, cha tano na cha sita, tupu. Hakuna aliyeelewa kwa nini ule mmoja uliachwa. Argiro angeelewa, lakini yeye alikuwa kijijini, sakafuni, kichwa mapajani kwa mama yake.

Kwenye kibanda cha saba mawe ya mlangoni yalikuwa mahali pake, na ukoga juu yake haukuwa na mkwaruzo. Bapa la juu pia. Ilibidi wanaume wanne wafanye kazi saa nzima ndipo pakapatikana nafasi ya mtu kuingia. Manousos akaingia na taa, akaita jina la Evanthia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulitaja.

Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na nguo, wala nyayo kwenye vumbi.

Kwenye rafu ya jibini mikate mitano ilikuwa imepangwa mstari. Kila mmoja ulikuwa umeumwa pande mbili, kama maharusi wanavyomega mkate mmoja. Upande mmoja kulikuwa na pengo pana la meno ya mwanamume. Upande wa pili lilikuwa dogo, na katikati yake palibaki kijiti chembamba cha mkate, kimesimama, pale ambapo jino lililovunjika nusu halikufika.