Uzi Uliogeuka Mlangoni

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, nami nikiwepo.

Dada ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea hakikuwa na dirisha, kwa hiyo kila alipotaka kulinganisha uzi na kitambaa alitoka navyo hadi mlangoni. Taa ni mwongo, alisema. Chini yake bluu na nyeusi ni mapacha. Nikamtania kwamba anatembea zaidi kuliko anavyoshona. Akanijibu kwamba mdomo wangu ungekuwa cherehani, tungekuwa matajiri.

Ndipo fundi wa paa akamletea bati la plastiki, lile la kupitisha mwanga, lililotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Akalipachika kwenye paa, juu ya cherehani. Mwanga ulioshuka pale ulikuwa mzuri ajabu, kila rangi ikajitokeza ilivyo. Dada akaacha safari za mlangoni.

Binti yake tulimwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Wakati huo alikuwa ametoka kuugua, ameishiwa nguvu. Dada akamtandikia mkeka chini ya bati, amwangalie huku akishona. Hakusema sana, lakini mashavu yalikuwa na rangi nzuri na macho meupe pe. "Mwanangu anapona," dada alisema, na sote tukashukuru.

Asubuhi moja ya mawingu, mwalimu wa jirani alirudisha gauni.

"Fundi, kitambaa cha kijani umekishona kwa uzi wa kahawia?"

Dada akalitandaza chini ya bati. Uzi na kitambaa vilikuwa rangi moja, hata mwalimu akakubali. Wakalipeleka mlangoni. Uzi ukawa wa kahawia. Wakalirudisha ndani. Kijani.

Mimi nilicheka. Dada hakucheka. Alikuwa anamtazama Chiriku.

Akambeba, akamleta mlangoni. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeficha alikuwa mwanga. Mtoto alikuwa wa kijivu. Midomo ya kijivu. Macho ya manjano. Dada akarudi naye chini ya bati, mashavu yakajaa rangi. Akamtoa tena. Kijivu. Mwalimu alirudi kinyumenyume, akaenda zake bila gauni.

"Mama, usinirudishe pale," Chiriku akanong'ona. "Joto la ule mwanga likiondoka, linaondoka na mimi."

Nje mvua ilianza kunyesha. Nikageuka kutazama ndani. Juu ya mkeka jua lilikuwa linawaka.

Niliogopa, sifichi. Dada akamkimbiza mtoto hospitali, mimi nikamfuata fundi wa paa aje aling'oe bati lake. Alipofika akautazama mkeka.

"Nani analala hapa?"

"Mtoto."

Akashusha sauti. "Na kule kwenye nyumba lilikotoka bati kulikuwa na mtoto."

Nikamuuliza yuko wapi sasa. Akachukua nyundo. Alipanda, akaling'oa, akapigilia bati la kawaida, akaondoka bila kuaga.

Chiriku alipona. Anakula, anaruka kamba, na maneno yake yamerudi kwa fujo. Lakini mkeka ulipoondolewa, sakafu ilikuwa na alama. Ni ya urefu wa mtoto aliyelala chali, na rangi yake ni ile ile ya mashavu ya Chiriku chini ya bati. Dada ameisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa machozi. Tumemwaga saruji mpya juu yake. Ikapenya.

Mtoto akiwa mzima, alama hupauka, karibu isionekane. Akikaribia kuugua, inakolea kwanza, kabla hata homa haijamshika. Hivyo ndivyo dada anavyojua siku ya kumpeleka hospitali.

Jana alinipigia simu, akilia. Nikamuuliza kama Chiriku ni mgonjwa.

"Hapana. Yuko nje anacheza," akasema kwa sauti ya chini. "Njoo uone sakafu."

Nilienda. Alama imekolea mpaka kope zinaonekana.