Diski Iliyokwama kwa Mwalimu Riungu

Ndugu zangu wa jumuiya, haya ninayoyasema yalitokea hapa kwetu Kaaga, na mimi Mama Kithinji, katibu wenu, ninahusika. Msikilize hata kama yatawachoma, maana mimi yamenichoma kwanza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, baridi imepungua, jua limetoka juu ya mashamba ya chai. Nilikuwa nachambua maharagwe nje, redio ikiimba, kuku wakinizunguka. Ndipo nikasikia nyundo kwa jirani yangu Mwalimu Riungu, chuma kikigonga chuma. Gonga, nyamaza, gonga.

Mwalimu Riungu alifundisha hesabu miaka thelathini. Mkewe Nkirote tulikuwa tumemzika miezi minane kabla ya hapo, na tangu siku hiyo gari la Mwalimu lilikuwa limesimama uani, likinyeshewa. Binti yake wa pekee, Karwirwa, ameolewa Kiritiri. Alikuwa amejifungua msichana na kumpa jina la bibi yake, Nkirote, na Jumamosi hiyo mtoto angeombewa kanisani. Mwalimu alitaka kufika akiwa na ndizi na cherehani ya marehemu, ampakate mjukuu asiyewahi kumwona. Hakutaka kitu kingine duniani.

Lakini gari lilipowashwa, gurudumu la nyuma lilisaga kwa kelele. Breki zilikuwa zimekufa kwa kutu. Mwalimu akanunua pedi mpya za breki, akatazama video kwenye simu, akapiga jeki, akatoa gurudumu. Kilichobaki kilikuwa kung'oa diski, ile sahani ya chuma ambayo pedi huishika gari linaposimama. Diski ilikataa kabisa kutoka.

Mtauliza kwa nini mzee wa miaka sitini na saba alikuwa peke yake na kazi kama hiyo. Hapo ndipo aibu yetu ilipo.

Mnajua utaratibu wetu. Kila Alhamisi tunasali nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba anapika chai. Zamu ya Mwalimu ilipofika, wiki sita baada ya mazishi, wengine mliniuliza, "Sasa huko kwa Mwalimu nani atapika chai? Si tutamwaibisha?" Nikaona ni busara. Nikakata jina lake kwenye orodha, tukaenda nyumba iliyofuata. Hatukumwambia.

Jioni ile nilipita kwake nikirudi kwangu. Alikuwa anarudisha viti ndani kimoja kimoja. Alikuwa amevipanga vyote uani, na birika mbili za chai zilikuwa juu ya meza, amezipika mwenyewe. Nikasema, "Mwalimu, habari ya jioni." Akasema, "Niko sawa." Tangu siku hiyo hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mtu, na sisi tulilipenda kwa sababu lilitupa ruhusa ya kupita.

Sasa turudi kwa nyundo. Jumatano hiyo hiyo Salesio, fundi wa magari wa hapo chini barabarani, alisimama kwenye ua. Nilimsikia vizuri.

"Mwalimu, usigonge hivyo. Hiyo diski iko na breki ya handbreki ndani yake. Lazima kwanza uachilie handbreki."

"Nikiachilia si gari litateremka?"

"Ndiyo maana nasema ungoje. Nikuje na mawe tuzuie magurudumu ya mbele. Hii uwanja yako iko na mteremko mbaya."

"Salesio, mimi ndiye nilikufundisha hesabu ya mteremko. Niko sawa."

Salesio aliondoka amekasirika. Aliniambia, "Mama, huyo mzee ni kiburi. Wacha agonge mpaka achoke." Mimi nilicheka! Nikamwambia labda anaunda ndege. Alhamisi aligonga mchana kutwa. Sisi tulikuwa tunasali nyumba ya tatu kutoka kwake, tukapandisha sauti ya nyimbo ili nyundo isitusumbue.

Ijumaa asubuhi alishika nusu ya ushauri wa Salesio. Aliachilia handbreki. Mnajua sisi watu wa milimani tunavyoivuta hata mahali pa tambarare, na ya kwake ilikuwa imevutwa miezi minane mfululizo. Gari halikusogea. Akadhani liko salama, kumbe gurudumu la nyuma la upande wa pili nalo lilikuwa limeshikwa na kutu, na hiyo ndiyo iliyokuwa inalizuia. Hakuweka hata jiwe moja. Aliketi chini, akanyoosha mguu chini ya gari, akainua nyundo. Kwa yale mapigo kutu ikaachia, gari likateremka, likaanguka kutoka kwenye jeki, na diski ikatua juu ya mguu wake.

Nyundo ikanyamaza kama saa nne. Nilisema, "Asante Mungu, amemaliza," nikaongeza sauti ya redio.

Saa tisa simu yangu ililia. Ilikuwa Karwirwa.

"Mama Kithinji, baba yuko? Nimempigia tangu saa sita hashiki. Nilitaka tu kumuuliza kama kesho atakula mbuzi ama nimpikie ugali na mboga."

"Si yuko hapo tu? Ngoja niangalie."

Nilimkuta uso wake umekuwa kijivu, mikono imejaa udongo alioukwangua. Simu ilikuwa juu ya kiti cha gari, hatua mbili kutoka kwake. Alinitazama akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nilikuita. Nilikuita mpaka sauti ikaisha."

Nililia kama mtoto. Watu sita waliinua gari. Hospitalini walisema mguu ulikaa bila damu muda mrefu mno, wakaukata chini ya goti. Jumamosi mtoto Nkirote aliombewa Kiritiri bila babu yake, na mama yake pia hakuwepo, kwa sababu alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali akiwa amevaa gauni alilokuwa ameliandaa kwa kanisa.

Jumatatu Salesio alikuja kutoa gari njiani. Alinionyesha mashimo mawili madogo kwenye diski. Alilegeza kabisa waya wa handbreki, akaingiza bolti mbili kwenye yale mashimo, akazikaza kidogo hii, kidogo ile. Diski ikasukumwa ikatoka. Hata chai yangu haikuwa imepoa. Salesio aliishika mkononi, akaketi kwenye nyasi, akasema, "Mama, ilikuwa kazi ya dakika kumi. Ningeruka tu huu ua." Kisha akafunika uso.

Funzo

Wazee mnaojua kila kitu, mwenzenu naye alijua. Ukiinua gari, zuia magurudumu kwa mawe, na usiweke mwili wako chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Na anayekuja kukusaidia hajakudharau. Mpokee.

Lakini funzo kubwa ni letu. Tulimpelekea mfiwa sufuria na maneno siku tatu za matanga, halafu tukamfuta kwa adabu. Tuliita upweke wake heshima. Mtu aliyefiwa akisema yuko sawa, hajasema uende zako. Orodha mpya ninayo hapa, na Alhamisi hii tunaanzia kwa Mwalimu. Ameniambia kwenye simu tusijisumbue, yuko sawa. Mimi nitafika saa nane na majani ya chai. Anayebaki nyumbani aniambie sababu yake hapa hapa, mbele ya watu.