Kitalu cha Madirisha Makuukuu

Walikutana kwenye soko la vitu chakavu, katikati ya msongamano, kila mmoja kashika upande wake wa dirisha moja.

"Dada, hili nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona. Mimi nimelishika."

Fundi milango akacheka, akaliachia. Akatazama gauni la yule dada lililopauka na sindano tatu alizochomeka kwenye ukosi. "Mshonaji na dirisha wapi na wapi?"

Mshonaji alitaka kujenga kitalu cha mboga uani, kwa madirisha makuukuu, chupa tupu za maji na pazia la bafuni. Mama yake alikuwa amepooza, huu mwaka wa nne. Ruhusa yake ya kutoka ilikuwa ya muda wa saa moja tu, jirani akimshikia zamu. Angalau uani pawe na kitu kinachokua.

Fundi akajitolea kumsaidia kujenga; akaja Jumamosi ile, akaja na iliyofuata. Chaga za kitanda kibovu zikawa mbavu za paa. Mapenzi nayo yakaota. Katikati ya wiki fundi alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, nimemlisha, nimemgeuza. Wewe?"

"Nakuwaza. Hiyo nayo kazi."

Siku walipopachika kioo cha mwisho, joto la mle ndani liliwatoa jasho. Fundi akajifuta uso. "Haya, umejijengea jela ya pili."

Alikuwa anatania. Mshonaji hakucheka. "Toka nyumbani kwetu."

Wiki tatu hakupokea simu zake. Alimwagilia nyanya, akamgeuza mama, akarudi kwenye cherehani. Neno lile halikumtoka kichwani kwa sababu lilikuwa kweli.

Wiki ya nne fundi akasimama getini, shati limepigwa pasi.

"Nimekosa, mpenzi. Lakini kaka yako anakaa mtaa wa pili tu. Umewahi kumwambia?"

"Ana kazi."

"Na wewe huna?"

Mshonaji akatoa simu. Kisha, kabla hata ya kumfungulia geti, akampigia kaka yake. "Kaka, Jumamosi utashinda na mama. Sikuombi, nakwambia."

Upande wa pili kaka akaguna. "Mwisho saa kumi na mbili," kaka akajibu.

Jumamosi alivaa gauni la njano alilojishonea miaka miwili nyuma, halijawahi kuvuka geti. Walipofika barabarani akasimama.

"Tuelekee wapi?" fundi akauliza.

"Sijui. Nimesahau watu huwa wanaenda wapi."

Akamshika mkono. "Basi tutembee tu. Nilitaka kukuposa, ila hilo linaweza kusubiri."

"Liseme sasa hivi," alisema. "Saa kumi na mbili haiko mbali."