Tundu la Mkono

Nilitoka nyumbani jioni ile kutafuta ubao. Ubao tu! Sikutoka kwenda kuua mtu, wala kuchokoza mzimu wa mtu. Wewe unayenitazama kwa jicho la pembeni, lishike hilo kwanza, halafu nikusimulie.

Jina langu Tobia, seremala wa Lushoto, na hasira zangu zinajulikana toka sokoni mpaka Kwai. Nimewahi kumtupia mteja kiti chake mwenyewe alipokiita kibovu. Lakini mke wangu Dina sikuwahi kumgusa, hata kofi. Nilimwapia baba yake siku ya posa, na kiapo kile nilikishika miaka sita.

Dina alipenda muziki, jamani. Mwaka jana, hamsini na nne, mvua za vuli zikinyesha na ukungu unaingia mpaka jikoni, kila Jumamosi alikuwa akisimama nje ya klabu ya makarani kusikiliza santuri, kanga imelowa chapachapa. Iliniuma. Nikaapa kwamba mke wangu hatadoea muziki tena.

Nikaenda kwa Issa, fundi redio aliyetoka Tanga, mtu aliyejifunza mambo ya waya jeshini huko Burma.

"Mfuko wako ukoje?" akaniuliza.

"Mwembamba."

"Basi usinunue kwa macho." Akaniwekea spika mbili mezani. Moja pana kama ungo, ina kitambaa cha rangi ya dhahabu. Ya pili ndogo, nyeusi, mbaya. "Zinyanyue."

Ile pana ilikuwa nyepesi kama kikapu kitupu. Ile ndogo ikanivuta mkono chini.

"Sumaku hiyo," akasema Issa. "Sauti inatoka kwenye sumaku, haitoki kwenye mapambo. Fedha yako nyingi iishie hapo. Kikuza sauti nitakupa kidogo, cha valvu mbili, kwa chumba kimoja kinatosha. Gramafoni chukua hii iliyotumika. Betri ya lori utaipata Mombo."

"Na sanduku?"

"Ala! Seremala nani kati yetu? Spika bila sanduku ni koo bila kifua. Ila ubao uwe mzito, mkavu kabisa. Ubao mbichi unameza sauti."

Mkavu! Msimu ule! Niligonga kila ubao wa wapasuaji mbao kwa kifundo cha kidole, na kila mmoja ulijibu kama tope. Ndipo nikaukumbuka mlango wa Mosi.

Nyumba ya Mosi ipo juu ya njia ya Kwai, imeachwa tangu mimi sijazaliwa. Mosi alimwua mkewe Mwanasha mle ndani. Na kwetu Washambaa, nyumba ambamo mtu amemwaga damu ya mwenzake haiguswi. Haibomolewi, hachukui mtu hata kijiti cha kuwashia moto, mpaka ianguke yenyewe na nyasi ziifunike. Kila mtoto anajua hilo. Nami nilijua. Lakini paa lake lilikuwa limeshaanguka upande mmoja, nami nikajiambia, ikishaanguka nusu imeanguka. Unaona akili hiyo? Ndiyo iliyoniponza.

Nilifika jua likizama. Mlango ulikuwa gogo moja la mvule lililochongwa kwa tezo, jeusi kwa moshi wa miaka mingi. Karibu na ukingo wake kulikuwa na tundu la mkono. Milango yetu ya zamani yote inalo: mwenye nyumba anapitisha mkono toka nje, ananyanyua komeo la ndani. Hata mlango wangu unalo.

Nikaugonga kusikia kama umekauka.

Ngo. Ngo.

Lo! Sauti nzuri kama ya kengele. Halafu kutoka ndani ya ile nyumba tupu...

Ngo. Ngo. Ngo.

Mwangwi, nikasema. Lakini mimi niligonga mara mbili.

Hata hivyo niliung'oa. Ndivyo nilivyo. Nikaufunga kamba, nikautwika kichwani, nikashuka nao kwenye ukungu. Njiani nikakutana na Bibi Jenoveva, ajuza mmoja wa kule, ana mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umebeba nini, mgosi?"

"Ubao."

Akausogelea, akaunusa. Akanong'ona, "Ubao hauna tundu la mkono."

"Nyumba imeanguka, bibi."

"Ukuta wa jikoni umesimama. Rudisha, mwanangu. Rudisha kabla giza halijaingia."

Nikampita. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikuvunjika guu. Guu ninalo, zima kabisa.

Kesho yake nikaupasua kwa msumeno. Unga wake ulikuwa mwekundu, na harufu iliyotoka haikuwa ya mti. Dina akachungulia karakanani ameshika pua.

"Mbona kunanuka bucha humu?"

"Mvule wa zamani huo," nikamjibu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kubana kazi, sikutoboa tundu jipya la spika. Nililipanua lile la mkono, nikaipachika spika hapo hapo. Ilikaa barabara.

Jumapili baada ya ibada tukawasha. Sikudanganyi, sijasikia sauti kama ile tena. Ngoma ilikupiga kifuani, mwimbaji ukamsikia akimeza mate. Dina alicheza hadi kanga ikamdondoka, akanishika uso kwa mikono miwili, analia na kucheka. Nilikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote milimani. Siku mbili nzima.

Siku ya tatu, magharibi, santuri iliisha. Nikanyanyua sindano. Nikazima.

Spika ikaendelea kuhema.

Hhh... hhh... Kama mtu aliyepanda mlima mbio. Kisha sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya upole, kwa Kishambaa cha zamani.

"Fungua, mke wangu. Sina kitu mkononi."

Komeo likakwaruza. Mlango ukalia. Mwanamke akaanza kusema, "Si umesema huna..." Hakumaliza. Nikasikia panga likiingia kwenye nyama. Nimechinja ng'ombe, sauti ile naijua. Likaingia. Likaingia tena. Lilipofika mfupa likagoma, naye akalivuta kwa kuguna, kama mimi ninavyovuta shoka kwenye kisiki.

Na harufu... bucha nzima ilijaa sebuleni.

"Zima!" Dina alinong'ona, kucha zake mkononi mwangu.

"Imezimwa."

"Basi litoe nje, Tobia. Lichome."

Hapo kitu kikaniingia. Nikaona wivu, amini usiamini. Nikaona kwamba ananinyang'anya kitu changu. "Kazi ya mikono yangu haichomwi," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya taratibu. Dina akaniachia mkono. Hakuwahi kunisikia nikizungumza taratibu nikiwa na hasira.

Kesho yake jioni akamleta Issa. Yule bwana akacheka kwanza, akasema ni redio ya mbali inanaswa na waya. Akachomoa waya za betri, akazishika mkononi.

"Haya. Sasa hata Sultani wa Unguja hawezi kusema humo."

Hhh... hhh...

"Fungua, mke wangu."

Kicheko kikamfia Issa mdomoni. Akatoa bisibisi. "Naitoa spika yangu. Fedha yako nitakurudishia. Sogea, Tobia."

Sikusogea. Nyundo ilikuwa kwenye mkanda wangu. Nakumbuka niliitazama ikipanda, nikashangaa ni mkono wa nani. Ilimpata kwenye taya. Meno yalimwagika sakafuni kama mahindi, naye akaanguka juu yake. Nikampiga tena begani, mfupa ukasema ka! Nikanyanyua ya tatu, nayo ilikuwa ya kichwani, wallahi ilikuwa ya kichwani, ila Dina alimlalia.

"Niue mimi basi!" akapiga kelele.

Na mimi, mume wake, niliyeapa... nikafikiri: bado.

Hilo neno ndilo linalonitoa jasho mpaka leo. Bado! Sikulisema mimi. Lakini lilipita kichwani mwangu kwa sauti yangu. Nikaiangusha nyundo, nikakimbilia msituni.

Nililala porini. Mchana kutwa sikurudi. Nilijua kabisa kilichoko hatarini, ni shingo ya Dina, na nikajiapiza nitashuka Mombo kwa miguu, nisimwone. Nikashika njia ya kushuka. Nakwambia nilishuka! Nilitembea mteremko saa nzima, ukungu mzito, sioni hata vidole vya miguu. Na ukungu ulipopasuka, mbele yangu palikuwa na mlango wangu mwenyewe.

Mkono wa kulia ulikuwa na panga. Sijui lilitoka wapi. Makali yake yalikuwa yamenolewa.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Issa walikuwa wameshampeleka hospitali, na Dina alikuwa amebaki, akingoja baba yake aje kumchukua. Nilijaribu kusema, "Kimbia, pitia jikoni." Ninaapa kwa Mungu ndivyo nilivyotaka kusema. Mdomo ukafunguka.

"Fungua, mke wangu. Sina kitu mkononi."

Na kule ndani spika ikasema maneno yale yale. Pamoja nami. Pumzi kwa pumzi.

Kisha sauti ya Dina, ndogo kabisa, karibu na mlango. "Tobia. Kama ni wewe, nenda dirishani. Nionyeshe mikono yote miwili."

Nililia. Machozi yalinitiririka mpaka kidevuni, huku midomo ikitabasamu. Mkono wangu wa kushoto ukapanda wenyewe, ukaingia kwenye tundu. Kiganja, kifundo, mpaka kiwiko. Vidole vikapapasa. Vikalipata komeo. Ubaridi wake nausikia hadi leo. Vikaanza kulinyanyua.

"Dina!" Hilo nililisema mimi. Mimi mwenyewe! Nililitoa kama anayetoa mwiba kooni. "Kata!"

Akakata.

Shoka langu la kuchongea, nililinoa mwenyewe. Pigo la kwanza halikutosha. Nilisikia mfupa ukipasuka, ngozi ikashika, nami nikajivuta nje na damu ikaruka usoni mwangu, na bado vidole vile vilikuwa ndani, vimeng'ang'ania komeo. Dina akapiga la pili, anapiga kelele kuliko mimi. Nikaanguka kinyumenyume matopeni. Panga likanitoka. Na ndani ya nyumba, ndani ya sanduku, mwanamume akalia. Alilia kama mbuzi.

Majirani walinikuta nimejifunga mkanda begani kuzuia damu. Sikuwa na hasira na mtu yeyote, hata na Mungu. Sijawahi kuwa mtulivu vile.

Lakini sikiliza. Walipofika, mlango ulikuwa wazi. Dina alikuwa kwenye kona ya mbali, nyuma ya kitanda, shoka mapajani. Akaapa mbele ya mchungaji kwamba hakuligusa komeo. Wakatafuta mkono wangu wauzike, wakamulika chini ya kitanda, kwenye mafiga, kwenye majivu. Damu ilikuwepo. Mkono haukuwepo. Mbwa kachukua, wakasema. Nilikuwa nimelala pale pale mlangoni, mbwa gani huyo aliyenipita?

Wazee wa kanisa na wazee wa ukoo walilichoma sanduku pamoja, wala hawakugombana safari hii. Bibi Jenoveva alikuja kunitazama hospitali.

"Mosi hakukamatwa," aliniambia sikioni. "Hakuonekana tena tangu siku ile. Watu walidhani katoroka. Wazee waliposema nyumba isiguswe, unafikiri walikuwa wanaihurumia nyumba? Alikuwa mle. Nyumba ilimfungia. Wewe ukamtolea mlango."

"Sasa yuko wapi, bibi?"

Akakitazama kigutu changu kilivyofungwa bandeji. Akaondoka bila kuaga.

Nimeshuka hapa Mombo miezi mitatu sasa, natengeneza makreti ya matunda kwa mkono mmoja. Dina nimemwacha juu, kwa usalama wake. Baba yake anakaa naye. Dina ananiletea salamu na nguo kwa madereva, na mimi nampelekea kila ninachopata. Nampenda kuliko siku ya harusi. Angenikata na wa pili ningemshukuru.

Daktari aliniambia aliyekatwa kiungo huendelea kukisikia, nisiogope. Sawa. Naamini. Wiki za kwanza nilisikia vidole vinagusa udongo, baridi, vinatambaa. Mwezi uliopita nikasikia ubao. Juzi, shuka. Nikajifariji kwamba ni maumivu tu, daktari kasema.

Leo saa kumi na mbili jioni, nikiwa nakula pale kwa mama ntilie, vidole vikagusa kitu laini. Chenye joto. Kinachopigapiga, pu, pu, pu, kama koo la njiwa. Chini yake kuna ushanga mdogo mdogo, na mimi ndiye niliyemnunulia Dina ushanga ule.

Vikaanza kufumba.

Gari la kupanda Lushoto ni alfajiri. Nimewaomba madereva wote, nimewapigia magoti, wanasema mvua imekata barabara, tusubiri kukuche. Ndiyo maana unaniona nimekaa hapa natoka jasho, na mkono wangu wa kulia unahangaika hewani. Usinicheke, ndugu yangu. Navibandua vidole. Kimoja nimeshakitoa. Nishikie hapa, hapa kwenye kigutu, ukaze... Mapigo yanapungua.