Nyama Waliyonificha Ilitunyang'anya Ramla

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Mkwaja, wilaya ya Pangani. Nimesoma chuo kikuu mambo ya bahari na nimerudi nyumbani. Tangu utoto watu wananisema kwamba nina mdomo. Madrasa nilimuuliza ustadhi maswali mpaka akanitoa nje. Chuoni nilibishana na walimu hadi wenzangu wakaniomba ninyamaze ili kipindi kiishe. Siamini kitu kwa sababu tu kimesemwa na mkubwa.

Lakini kuuliza kote huko hakukumwokoa mtoto mchanga aliyeitwa Ramla, binti wa dada yangu. Naandika nikiwa bado na uchungu, kwa hiyo mtanisamehe nikienda mrama.

Dada yangu Mwanaidi ameolewa Mwera. Kwa miaka mingi mimba zake zilikuwa zikiharibika, na mawifi walianza kunong'ona kwamba kaka yao atafute mwingine. Hatimaye Mungu akampa mimba iliyokaa. Kama ilivyo desturi yetu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, basi akaja Mkwaja kujifungulia. Ramla alizaliwa mzima, ana nywele tele kama kofia. Mama alikuwa hafanyi kazi nyingine zaidi ya kumtazama!

Wakati huo mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye mradi mdogo wa kupunguza vifo vya kasa kwenye nyavu za wavuvi. Kwa msiojua, kasa si samaki. Anaishi baharini lakini anavuta hewa kama mimi na wewe. Akinaswa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kutegea papa na samaki waitwao taa ambao huachwa majini usiku kucha, hawezi kupanda juu kupumua. Anakufa maji... yeye mwenyewe wa bahari, anakufa maji!

Tuliwaomba wavuvi mambo mawili. Kwanza wafunge vitaa vya kijani kwenye jarife ili kasa auone wavu na kuukwepa. Pili wasiuache wavu mpaka asubuhi. Waukague mara kwa mara, na kasa atakayekutwa hai arudishwe majini.

Walinicheka sana. “Weye binti,” mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, “baba yako kauza minazi usome, nawe umerudi kutufundisha kobe?” Mwingine akadakia kwamba siku nikiolewa, mahari yangu itakuwa kobe dume na kobe jike. Wakanibandika jina la Bi Kasa. Hadi watoto wa jirani wakawa wananiita hivyo!

Aliyenitetea alikuwa Hamadi. Alikuwa nahodha wa boti ya mfanyabiashara mmoja wa Tanga mjini, boti yenye jarife refu kuliko zote pale kwetu. Asili yake ni Pemba. Alikuja kuvua kwa msimu akabaki. Siku ile aliwaambia wenzake, “Mwacheni aseme. Wavu ukichanwa na kasa, nyinyi ndio mnaoushona.” Yeye akawa wa kwanza kufunga vitaa, na wengine wakamfuata.

Nitawaficha nini? Nilimpenda. Kila alipomkuta kasa hai wavuni, alinitumia video akimsukuma majini huku akisema, “Huyu salamu zake kwako, bibie.” Nilizirudia video zile nikiwa peke yangu, nacheka kama mwehu. Posa ikaja, mama akaipokea kwa vigelegele. Mimi niliyemtilia shaka kila mtu, yule sikumuuliza kitu. Ningeanzia wapi kumuuliza mtu anayenitumia ushahidi kabla sijaomba?

Tatizo likaanza nyumbani. Dada alikuwa na maziwa machache. Ramla ananyonya, analia, ananyonya tena. Mama alimpikia dada uji wa pilipili manga, supu ya pweza, kila kitu. Dada alikuwa akilia kimyakimya akidhani Mungu anataka kumchukua na huyu. Jioni moja nilimweleza Hamadi kwa simu jinsi ninavyowaonea huruma. Akanijibu, “Usijali, mimi si mkwe? Nitawaletea kitu.”

Nilidhani analeta pweza.

Siku aliyoleta kitu hicho mimi nilikuwa Pangani mjini kwa shughuli za mradi. Niliporudi kesho yake nilikuta nyumba imepoa. Dada amejikunja kitandani, anatapika. Mama anashika tumbo. Bi Mize, jirani yetu ambaye hula kwetu kila kukipikwa kizuri, naye alikuwa hoi kwake. Nikauliza, “Mmekula nini?”

Mama akasema, “Wali na samaki. Kama kila siku.”

Nikamuuliza dada. Akatazama ukutani. “Wali na samaki.”

Nikaenda mpaka kwa Bi Mize. Shikamoo, marahaba, halafu akanijibu upesi kabla sijamaliza swali, “Wali na samaki, mwanangu.”

Watu watatu, jibu moja, maneno yaleyale! Mtu yeyote mwenye akili angeshtuka. Nilishtuka, wallahi nilishtuka. Nikampigia Hamadi, nikamuuliza kama alileta samaki aliyeharibika. Akasema alileta samaki changu, tena wabichi kabisa, pengine ni maji ya kisima. Nikaamini. Nikaanza kuchemsha maji ya kisima...

Tukawapeleka zahanati. Nesi naye akawauliza walichokula, akapewa jibu lilelile. Akawatibu kwa kile alichoambiwa. Angefanya nini zaidi? Aliwapa dawa ya kuzuia kutapika na maji ya chumvi na sukari, akamsisitiza dada aendelee kumnyonyesha mtoto. Ni ushauri mzuri. Ungekuwa mzuri kama asingedanganywa.

Na jambo la kuvunja moyo ni hili. Maziwa sasa yalikuwa yanatoka! Dada, pamoja na udhaifu wake, alikuwa anatabasamu. “Tazama,” aliniambia, “anameza mpaka yanamwagika.” Mama akasema alhamdulillah. Nami nikasema alhamdulillah.

Baada ya hapo Ramla akaanza kulegea. Hakulia tena. Akawa anatapika maziwa, halafu hata kunyonya hataki, macho nusu yamefumba. Nesi alipomwona alituambia tusikae, twende hospitali Pangani. Shemeji akaja mbio kutoka Mwera na gari la kukodi. Njia nzima dada alikuwa amemkumbatia mtoto, anampa ziwa, anambembeleza, “Nyonya mama, nyonya upate nguvu.”

Tulipofika mtoni kivuko kilikuwa ng'ambo. Tukasubiri. Kikaja, tukapanda. Katikati ya mto dada aliniambia kwa furaha, “Sasa amelala vizuri.” Nikamtazama Ramla. Nikamtazama shemeji. Tulimwacha dada amwimbie mpaka tukashuka upande wa pili.

Ramla alikuwa hajatimiza hata arobaini. Hajawahi kutolewa nje kuonyeshwa watu, na mara ya kwanza kutoka nje ya nyumba ile ndiyo safari aliyofia.

Maiti ya mtoto mchanga haihitaji jeneza. Hubebwa mikononi. Aliyeshuka kaburini kumpokea ni Hamadi. Ndiyo, Hamadi! Waliniambia wanaume waliporudi kwamba mchumba wangu alilia kuliko baba wa mtoto. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume mwenye huruma.

Siku moja katikati ya matanga, mama akawa hawezi kumeza uji. Alisema mdomo unamuunguza kama aliyekula chokaa. Nikamwambia afungue kinywa. Ulimi wake ulikuwa mweupe, una vidonda.

Nilikuwa nimesoma juu ya ulimi kama ule. Kuna kasa wa aina ya ng'amba, yule mwenye mdomo uliochongoka kama wa kasuku, ambaye nyama yake mara nyingine huwa na sumu. Anakula vitu vya kwenye miamba vyenye sumu, yeye havimdhuru, lakini vinabaki mwilini mwake. Kupika hakuiondoi, kwa macho haionekani, na ulimi hautaitambua. Mtu mzima anaweza kupona. Mtoto anayenyonya huipata kupitia maziwa.

“Mama,” nilimwambia, “mmekula ng'amba?”

“Kasa,” alisema. “Hamadi alisema ni kasa. Alisema kwao nyama yake inavuta maziwa. Ilikuja imekatwa tayari, tukaitia nazi...”

“Kwa nini hamkuniambia? Nilikuulizeni! Nesi alikuulizeni!”

“Tukuambie wewe? Wewe Bi Kasa?” Mama alikuwa analia sasa. “Ni kosa la sheria, mwanangu. Ungepiga kelele mji mzima ungejua. Mchumba wako angefungwa, na harusi i mlangoni. Tulikuwa tunakuhifadhia mume.”

Tulikuwa tunakuhifadhia mume. Jamani! Mtu anaweza kukupenda mpaka akaua?

Sikusubiri matanga yaishe. Nilimchukua mama na Bi Mize tukaenda hospitali Pangani, na safari hii tulitaja nyama yenyewe kwa jina. Dada alikuwa ameshaacha kutapika, tukamwacha na mumewe. Walilazwa, wakahudumiwa, wakapona, ingawa Bi Mize mpaka leo analalamika ganzi. Kutoka hapo nikamfuata Hamadi alipokuwa anashona wavu wake. Hakunikana. Labda hilo ndilo lililoniumiza zaidi, alivyokuwa mtulivu.

“Ni ng'amba, kweli,” alisema. “Niliwatupia kunguru maini, wakala. Kwetu kunguru akila, mtu anakula. Niliwaambia wazee ni kasa wa kawaida ili wasiogope. Nilitaka dada yako apate maziwa, Zuhura. Nilitaka mema.”

Nikamuuliza kuhusu zile video. Akainamisha kichwa. Wengine aliwarudisha, wengine aliwachinja. Halafu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

“Zamani walikuwa wanatoka wavuni wamekufa. Nyamafu, nani ale? Tulikuwa tunawatupa. Mkaja nyinyi mkasema tukague wavu kila mara. Sasa wanatoka wazima. Mtu ana kisu, ana bismillahi, kwa nini asichinje? Mlitegemea nini?”

Ni kweli watu wetu hawali mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Wapo masheikh wanaosema kasa haliwi hata akichinjwa, lakini wavuvi wengi walishika kauli iliyowafaa. Katika mikutano yote tuliyofanya, pamoja na vitabu vyote vile, hakuna aliyewaza kwamba kasa hai ndani ya boti, mbele ya Waislamu wenye visu, si lazima awe kasa aliyeokoka!

Nilimjibu, “Mliahidi kumrudisha. Hakuna aliyekwambia uchinje.” Nikavua pete ya uchumba, nikamrudishia. Nilikwenda ofisi ya kijiji nikaeleza yote. Walipomfuata alikuwa ameshaondoka, wanasema amerudi kwao. Boti ile imepata nahodha mwingine na jarife lile lile bado linatupwa.

Wapo waliotaka niishie hapo. Ndugu wa upande wa mama walinijia, wakasema nikiendelea kusema nitakiaibisha kijiji na nitamuua dada kwa majonzi. Nami nilisita. Dada alikuwa hajui. Alidhani ni homa ya watoto. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka yanalowanisha nguo, anayakamua anayamwaga, na mimi nakaa pembeni nikijiuliza, je, nina haki gani ya kumwongezea mzigo huu? Ukweli huu utamsaidia nani?

Kisha akaniuliza mwenyewe. Alikuwa anafunga nguo za Ramla kwenye kanga arudi Mwera. Hakunitazama. “Zuhura. Ni maziwa yangu?”

Ningeweza kusema hapana. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kunionyesha jinsi inavyofanyika, unatazama ukutani, unasema wali na samaki. Nikamwambia, “Ndiyo, dada. Lakini si wewe. Ni ile nyama, na ni kule kuficha.”

Alikaa chini. Alilia kilio ambacho sitajaribu kukieleza. Alipomaliza alinishika mkono.

Nimerudi kazini. Sasa nawaambia wavuvi kwamba kasa asipandishwe ndani ya boti hata kidogo. Aachiliwe palepale ubavuni, wavu ukatwe ikibidi, kwa sababu akishaingia tu ameingia mikononi mwa binadamu. Na nawaeleza habari za sumu bila kuzunguka. Bado wananiita Bi Kasa, ila hawacheki sana.

Wasomaji wenzangu, siwaombi muwapende kasa kama ninavyowapenda mimi. Nakuombeni muwaache. Usidanganywe na kunguru, wala na mtu anayekwambia kwao wanakula kila siku. Na kama imeshaliwa, basi kwa jina la Mungu, ukiulizwa umekula nini, sema! Mwambie nesi, mwambie daktari, hata kama ni kosa la sheria, hata kama kuna posa, hata kama jirani atacheka. Aibu mtaivumilia. Na aliyekula asimnyonyeshe mtoto mpaka daktari aseme.

Mnaweza kushangaa nimepata wapi ujasiri wa kuyaweka haya hadharani wakati mama yake Ramla yu hai. Siku ile, akiwa ameshika mkono wangu, nilimwapia kwamba sitamwambia mtu mwingine yeyote. Dada akatikisa kichwa.

“Waandikie,” alisema. “Wako wanawake wananyonyesha sasa hivi.”