Vali Nane

Tak-tak-tak-tak.

Sauti ilipenya mlango wa chuma wa gereji, kavu, ya haraka, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko bila kuchoka. Mwalimu mstaafu, mwenye gari, aliubisha mlango hadi vidole vikachubuka. Hapo ndipo alipokimbilia kituo cha polisi, mtaa wa pili.

"Injini inawaka, Afande, lakini fundi haitiki."

Koplo alivunja komeo kwa mtaimbo. Moshi ukatoka. Inspekta alijiziba pua kwa leso, akaingia, akazima gari.

Fundi alikuwa amelala kando ya jiriwa, kile kibanio kizito cha chuma, jeraha dogo juu ya sikio. Mtaa mzima ulimwita Sikio, maana alijua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Ngozi yake ilikuwa na wekundu wa watu wanaouawa na moshi wa ekzosi. Mlango mkubwa ulikuwa umekomewa kwa ndani. Ule mdogo wa nyuma hujifunga wenyewe ukivutwa.

"Amejifungia," koplo alisema. "Moshi ukamlevya, akaanguka, akajigonga. Hapa hakuna kesi, Afande."

Inspekta alichuchumaa kando ya fundi. Ilikuwa maiti yake ya tatu wiki hiyo. Alikwisha kuacha kuwatazama usoni; siku hizi alitazama mikono. Mikono ya fundi ilikuwa safi, inanukia sabuni. Mfukoni mwa shati kulikuwa na fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ya vali. Vilikuwa vikavu. Havikuwa na tone la oili.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?" alimuuliza mwalimu.

"Saa sita mchana. Silinda hedi mpya, ile sehemu ya juu yenye vali, ilikuwa ndiyo kwanza imekalishwa juu ya injini, bolti bado zinacheza. Ile yenye ufa ilikuwa pale sakafuni. Akaniambia, 'Mwalimu, nanawa nile kwanza. Gari lako limesubiri miaka minne, halitakufa kwa saa nne. Njoo saa kumi.'"

Mdogo wa marehemu aliletwa jioni. Alitengeneza pampu za maji kwenye pembe ya gereji hiyo hiyo, na watu walimwita Pampu.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa saba. Nilikwenda kutafuta mpira wa pampu."

"Kaka yako alikuwa anafanya nini?"

"Anamalizia vali."

"Anapima kwa nini?"

"Kwa fila yake. Nani mwingine anaruhusiwa kuigusa?"

Inspekta aliandika. Kalamu iliishiwa wino, akachukua nyingine.

Asubuhi alikuja binti wa marehemu. Hakulia. Aliketi kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Andika mimi ndiye niliyemuua," alisema.

"Kivipi?"

"Kwa mdomo. Jana asubuhi alisema gereji itakuwa yangu. Nikamwambia siitaki, nimechoka kunuka oili, afadhali ife naye. Saa kumi mkamkuta. Sasa niambie, Inspekta, si mimi?"

"Sijui bado," Inspekta alisema. "Twende."

Gereji ilikuwa wazi, moshi umekwisha. Koplo aliwasha gari. Tak-tak-tak-tak.

"Lina makelele kama mama mkwe wangu," koplo alisema. Hakuna aliyecheka.

Binti aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Zima. Nani kaifunga hii?"

"Baba yako."

"Baba hata akiwa na homa hafungi hivi. Ingoje ipoe."

Ilipopoa alivaa glavu alizopewa, akafungua kifuniko cha vali, akapitisha kibamba cha fila kwenye vali ya kwanza.

"Hiki ndicho kipimo chake. Ona kinavyocheza, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babake." Alizungusha injini, akapima ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. "Nafasi zote zimezidi, ndiyo makelele hayo. Na zimezidi sawasawa. Asiyejua hukosea ovyo ovyo, Inspekta. Huyu alikuwa na kipimo. Ila si hiki."

Alikwenda pembeni, kwenye sanduku la pampu. Alirudi na kipande cha msumeno wa kukatia chuma, meno yamesagwa yote. Kikaingia kwenye vali ya kwanza, kikakaza. Kikaingia kwenye ya nane, kikakaza vile vile.

"Baba Mdogo hupimia hiki," alisema, kisha akakaa sakafuni.

Pampu alipokiona kipande hicho mezani kituoni alivuta kiti karibu, kana kwamba ameitiwa chakula.

"Daktari amekuta moshi kwenye damu yake," Inspekta alisema. "Alikuwa bado hai injini ilipowaka."

"Najua. Nilimsukuma tu. Akaangukia jiriwa."

"Saa ngapi?"

"Saa saba."

"Injini iliwaka saa ngapi?"

"Saa nane u nusu."

"Muda wa saa moja na nusu. Kwa nini hukuita daktari?"

"Vali zilikuwa bado."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Nilifikiri, moshi utajieleza wenyewe. Lakini ili injini iwake lazima ifungwe. Nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kama alivyokuwa akinifokea. Nikapima vali."

"Fila ilikuwa mfukoni mwake."

"Sikuweza kumgusa."

"Ulimsukuma."

"Hiyo ilikuwa kabla."

"Kisa nini?"

"Miaka ishirini na mbili yeye injini, mimi pampu. Hata mke wangu ananiita Pampu. Jana nikamwomba, kaka, niachie vali za hili moja tu. Akasema, 'Vali si zako, gereji si yako. Vyote ni vya binti yangu.'"

"Binti alikataa," Inspekta alisema. "Asubuhi ile ile. Alimwambia haitaki."

Pampu alikigeuza kile kipande mezani. "Kaka hakuniambia."

"Ndiyo. Hakukuambia."

"Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza," Pampu alisema taratibu. "Andikeni na hilo."

Binti alikuwa kwenye benchi la nje. Inspekta aliketi kando yake, akamweleza nani na kwa nini, ila si ile saa moja na nusu. Maneno yalimtoka kama anasoma bei za bidhaa.

"Kwa hiyo si maneno yangu."

"Si maneno yako."

"Ila kuna kitu hujaniambia. Nakuona."

Inspekta alitazama mikono ya binti. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni.

"Kipo. Kitasomwa mahakamani."

"Nisikisikie kwa hakimu kwanza. Mbele ya watu."

"Hutakisikia huko kwanza," alisema. "Nikimaliza kuandika nitakuja kwenu mwenyewe, nikusomee yote neno kwa neno, hata lile baya, na sitaondoka mpaka uniambie niondoke. Nakuahidi."