Fundi Baridi na Kitufe cha Kuruka Maneno

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaopenda gemu, sogeeni karibu. Mimi ni msusi, na mnanijua: mikono ikifanya kazi, mdomo nao hautulii. Lakini leo simsengenyi mtu. Wenyewe wamenipa ruhusa, tena mama mwenye nyumba aliniambia, "Dada, sema yote, usipunguze." Basi nasema, na moyo wangu umejaa shukrani, maana hadithi hii ingeweza kuishia pabaya.

Saluni yangu imepakana ukuta na nyumba yao. Ukuta wenyewe mwembamba, mtu akipiga chafya kule, mteja wangu huku anamjibu "afya". Baba wa nyumba ile ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Mkewe anaoka mikate kiwandani kwa zamu, wiki moja asubuhi, wiki nyingine mchana mpaka usiku. Wana mtoto mmoja tu, msichana wa darasa la tatu, mwenye pumu na mwenye maneno. Kwa hayo maneno yake tukampa jina la Redio, na mwenyewe analipenda.

Jioni za wakati ule zilikuwa raha tupu. Fundi akirudi kazini huketi kwenye ngazi ya mlangoni, anavua viatu taratibu, na Redio anaanza matangazo: nani kang'oka jino, nani kafukuzwa na bata, kwa nini mwalimu wa hesabu siku hizi anachechemea. Baba anauliza, "Ikawaje?" Mtoto anaendelea. Na wakati huo wote baba alikuwa akisikiliza kitu kingine ndani ya yale maneno, alikuwa akisikiliza pumzi. Redio akianza kukatika katikati ya sentensi, Fundi anainuka bila kelele, anakwenda kuleta dawa yake ya kuvuta. Hakuhitaji kipimo chochote. Hadithi za mwanawe zilimwambia hali ya kifua chake.

Halafu rafiki yake mmoja akahama mji, akamwachia mashine ya gemu pamoja na gemu moja ya mapigano.

Nisieleweke vibaya. Mtu aliyeinamia friji za watu kutwa nzima, mgongo umekufa, ana haki ya kujiburudisha. Na gemu yenyewe, kwa jinsi nilivyokuja kuelezwa baadaye, haikuwa ya kipuuzi. Kuna askari ambaye kaka yake ameuawa na mtawala katili, naye anapita mji hadi mji na upanga wake, akitafuta kisasi. Njiani anakutana na watu. Wengine wanamtisha, wengine wanamwomba, wengine wanamwonya. Mchezaji ndiye anayeamua: ampige, amwache, au amsaidie. Na kila anachoamua kinambadilisha yule askari kidogo kidogo, tabia yake na hata sura yake.

Sasa, gemu hiyo ina kitufe cha kuruka maneno. Mtu kwenye skrini akianza kuongea, unabonyeza kitufe, anakatika, unafika moja kwa moja kwenye mapambano. Fundi alikipenda kitufe hicho kuliko upanga wenyewe. Alimwambia mkewe kwamba hawa watu wanaongea mno, yeye anataka kupigana. Vijana wa mtaani waliokuja kumtazama wakamsifia kasi, na nyinyi mnajua mwanamume mzima akisifiwa na vijana anavyovimba kichwa.

Jamani, mkono unajifunza. Hilo sikulijua. Ikawa Redio akianza habari zake, baba anaitikia "Ndiyo, mama, nimesikia" kabla mtoto hajafika popote. Baadaye ikawa anamwambia, "Sema mwisho, mama. Mwisho wake nini?" Mtoto akajitahidi kufupisha. Akafupisha tena. Ikafika wakati nikawa nasuka kutwa nzima sisikii kitu ukutani isipokuwa panga zikigongana, nami nikajiambia labda mtoto anakua, anatulia. Tulia gani ile.

Mama yake ndiye aliyeona. Siku moja, kabla ya kuanza wiki ya zamu ya mchana, alisimama mbele ya mumewe akamweleza mambo mawili: kwamba jioni zote za wiki ile mtoto atakuwa mikononi mwake, na kwamba dawa ya kuvuta inakaribia kwisha, anunue nyingine. Fundi alisimamisha mchezo kwa adabu kabisa, akamtazama mkewe usoni, akaitikia kwa kichwa. Mama akashusha macho, akaona mkono wa mumewe. Kidole gumba kilikuwa kinabonyeza kile kitufe, kinabonyeza tu, na kwenye skrini hakuna mtu anayeongea.

Alinisimulia nikiwa namsuka. "Dada," alisema, "kidole kilikuwa kinaniruka mimi." Akacheka, kisha nikahisi kichwa kinatetemeka chini ya mikono yangu. Mimi nilipandisha hasira. Nilimwambia anipe nyundo, hiyo mashine nitaifanya unga. Akaniambia nitulie, nimalize mstari niliouanza.

Wiki ile ile barabara yetu ilikuwa inachongwa, vumbi limetanda mtaa mzima. Redio alirudi kutoka shuleni mchana akikohoa. Akachukua dawa yake, akabonyeza, haikutoa kitu. Akaenda kwa baba. Fundi siku hiyo alikuwa amewahi kutoka kazini, amevaa hedifoni, amefika kwa yule mtawala mwenyewe, pambano la mwisho. Mtoto akasema dawa imekwisha. Akajibiwa, "Ndiyo, mama, nimesikia." Akasubiri. Akajaribu tena, na safari hii maneno yakawa hayakai pamoja, linatoka moja, linakwama la pili. Akaenda kusimama mbele ya skrini ili aonekane. Baba akanyoosha mkono, akamsogeza pembeni. Hakumsukuma wala hakukasirika. Alimsogeza tu, kama mtu anavyosogeza pazia.

Redio akaja kwangu. Alishika mlango wa saluni, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, na mtoto yule mwenye maneno hakuwa na hata neno moja. Nilitupa kitana. Sijui nilimbebaje, mimi mwenye magoti haya, lakini nilimbeba mpaka zahanati ya kona ya pili, nikiomba Mungu kwa sauti njia nzima. Nesi hakuuliza maswali. Alimchukua, akamvalisha barakoa ya mvuke wa dawa, akamwinua mgongo, akaanza kumhesabia pumzi kwa sauti ya upole.

Nyuma, mteja wangu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama, ndiye aliyekwenda kumgongea Fundi. Aligonga, akaingia, akamvua hedifoni kwa mikono yake. Fundi anasema alipomwona alidhani ametoka kwenye gemu. Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine.

Alifika zahanati pekupeku. Nesi akamuuliza Fundi mtoto alianza kukohoa saa ngapi, dawa yake ilikwisha lini, na je, asubuhi alikuwa anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Swali la kwanza akajibu hajui. La pili, hajui. Kwa la tatu akageuka kumtazama mtoto kifuani. Fundi Baridi, ambaye zamani angeweza kukuambia kifua cha mwanawe kikoje akiwa amefumba macho.

"Kwani nani anakaa naye?" nesi akauliza.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye baba yake. Ninakaa naye."

Nesi hakumgombeza. Alimvutia kiti karibu na kitanda, akamwambia akae amshike mtoto mkono. Namshukuru nesi yule kila nikimkumbuka, kwa dawa na kwa kiti kile. Jua lilikuwa halijazama mashavu ya Redio yaliporudiwa na rangi yake, akalala, kifua kinapanda na kushuka bila kupigana. Tuliambiwa tungechelewa kidogo tu, habari ingekuwa nyingine. Mama yake alifika na unga mikononi, akamkumbatia mtoto, akanikumbatia mimi, kisha akaketi upande wa pili wa kitanda.

Waliporudi nyumbani, Fundi alichomoa nyaya zote, akaibeba mashine kwenda kuitupa. Mimi nilikuwa mlangoni, nilimpisha kwa furaha. Mkewe akamzuia.

"Baba Redio, usitupe. Ukitupa utasema mashine ndiyo ilikuwa mbaya, na wewe utabaki vilevile. Utaicheza tena toka mwanzo. Mtoto atakuwa kwa dada, mimi nitakaa ubavuni kwako, na hutaruka neno hata moja."

Kusema kweli nilimwona yule mama amechanganyikiwa. Lakini ndivyo walivyofanya, siku ambazo wote wawili hawakuwa kazini, Redio akiwa kwangu baada ya shule ananipangia shanga kwa rangi. Dawa mpya mkobani mwake, na baba yake ameikagua mwenyewe kabla ya kumleta.

Fundi alikuwa amemaliza mchezo ule siku ya mkasa. Alikuwa ameshinda. Alipogongewa mlango, askari wake alikuwa ameketi kwenye kiti cha yule katili, amevaa taji lake, ana uso kama wake, na watu wote wanamkimbia. Yeye alidhani gemu ina kasoro. Hakuelewa, maana kila aliyetaka kumweleza alimkata.

Sasa akaanza kusikiliza. Katika mji wa pili kuna mwanamke anayesimama katikati ya njia ameinua mikono. Mara ya kwanza Fundi alibonyeza kitufe, akampitishia upanga, akaendelea. Safari hii alimwacha aseme. Mwanamke akasema, "Askari, ngoja. Mwanangu yuko nyuma ya ukuta huu, anaungua homa. Nisaidie kumbeba, nami nitakuonyesha njia isiyo na walinzi."

Fundi aliweka kidude cha kuchezea chini. "Huyu nilimuua," akamwambia mkewe. "Nilidhani ananizuia."

"Alikuwa anaomba msaada," mkewe akasema.

Nilimsikia akilia kupitia ukuta ule. Redio naye alimsikia, akaacha shanga, akanitazama. Nikamwambia baba yake anajifunza kitu kigumu, na kwamba kitamfaa. Kule kwenye gemu wakambeba mtoto wa yule mwanamke. Njia ikawa ndefu, mapigano bado yapo, damu ipo, sisemi haipo. Lakini askari alifika mwisho na watu nyuma yake, na alipomshinda yule katili aliacha taji sakafuni, akatoka nje.

Jioni ile Fundi alikuja saluni kumchukua mwanawe. Akamuuliza habari za shule. Redio akajibu haraka, kwa jinsi alivyozoeshwa: "Mwisho wake tulirudi nyumbani."

Nakwambieni, nililazimika kugeuka nikajifanya natafuta vibanio. Fundi alipiga magoti sakafuni, juu ya nywele zote zile zilizokatika, mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto. Akamwomba radhi. Alimwomba kama anavyomwomba mtu mzima mwenzake, akataja kosa kwa jina lake: kwamba mtoto alimwambia kuhusu dawa na yeye baba hakumsikiliza, na kwamba alimsogeza. Kisha akamwambia anataka habari yote, tangu kengele ya asubuhi.

Mtoto alisita. Alianza kwa tahadhari, anaangalia kama atakatwa. Hakukatwa. Ilikuwa ni habari ya kifutio kilichopotea, mtuhumiwa wa kwanza, mtuhumiwa wa pili, na mwalimu aliyekuwa amekikalia muda wote. Ilichukua muda, nakwambieni, wateja wangu wawili wanangoja, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Nilimwona Fundi amefumba macho, anasikiliza kifua. Kilikuwa safi.

Funzo

Ndugu zangu, mapigano ya kwenye gemu ni ya kuchora, lakini tabia unayoipeleka mle ndani ni yako mwenyewe, na ukizima mashine unatoka nayo. Ukizoea kumpiga kila anayesimama njiani bila kumsikiliza, siku moja atasimama mwanao.

Gemu za damu si za watoto wadogo, na nyinyi wazazi mjue kilichomo kabla hakijaingia nyumbani. Kwa wakubwa na vijana wanaocheza, nasema hivi: aliyetunga mchezo ameweka watu waongee kwa sababu. Wasikilizeni. Amueni kama mtu mwenye moyo, na jiulizeni askari wenu anageuka nani. Na mtu wa nyumbani kwako akianza kusema, weka kidude chini, vua hedifoni, mwache afike mwisho wa sentensi yake.

Namshukuru Mungu kwa pumzi ya Redio. Namshukuru nesi, namshukuru mteja wangu aliyekatiza mtaa na nusu kichwa bila kuona haya. Namshukuru yule mama, aliyekuwa na akili ya kuizuia nyundo yangu. Na mtunzi wa gemu ile, popote alipo, namshukuru pia, kwa kumweka yule mwanamke njiani. Sasa hivi ninaposimulia haya, Redio anaongea upande wa pili wa ukuta na baba yake anamsikiliza, na mimi nimeacha kuwasha muziki saluni ili niwasikie.